Jinsi ya Kufuatilia Chimbuko la Tishu ya Ukuaji wa Mzizi Ndani ya Kiinitete cha Mmea

Mbegu inapopasuka na ncha nyeupe ya mzizi kuchomoza, kazi kubwa ya kuuunda mzizi huo huwa imekwisha kufanyika siku nyingi kabla. Meristemu ya mzizi, yaani tishu ya nchani ambamo seli mpya huzalishwa muda wote mzizi unapokua, hupangwa wakati kiinitete kina seli makumi kadhaa tu na mbegu changa ingali imeshikamana na mmea mzazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufuatilia mpango huo kwa hadubini, namna ya kusoma ishara zinazouongoza, na namna ya kuhakikisha kwamba ulichokiona ndicho kilichotokea. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba tishu hii haitokani na seli moja iliyoteuliwa kuwa mzazi wa mzizi mzima. Hujengwa mahali ambapo koo mbili za seli hukutana, na katika mpaka huo nafasi ya seli pamoja na ishara zinazotoka kwa majirani zake huwa na uzito kuliko nasaba yake. Kwa hiyo usitafute mzizi mdogo uliokwisha kuumbika, utafute mpaka.

Kuchagua mmea

Kwa anayeanza, hakuna mmea unaofaa kuliko Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya kabeji ambao hukamilisha maisha yake, kutoka mbegu hadi mbegu, kwa muda wa wiki sita hivi. Sifa yake kuu kwa kazi hii ni kwamba seli za kiinitete chake hugawanyika kwa utaratibu usiobadilika sana, kiasi kwamba seli uliyoiona katika kiinitete kimoja unaweza kuitambua katika kingine cha umri uleule. Wanabotania wa karne ya 19 walilijua jambo hili kupitia mmea wa jamii hiyohiyo, Capsella bursa-pastoris, ambao Johannes von Hanstein aliueleza mwaka 1870. Ni yeye aliyeipa jina la hipofisi seli ambayo itakuwa kiini cha habari yetu. Capsella bado ni chaguo zuri pale Arabidopsis isipopatikana. Nafaka kama mahindi na mpunga ziache mpaka uwe umezoea, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni.

Kuandaa ovuli

Maua ya Arabidopsis hufunguka kwa zamu kutoka chini kwenda juu kwenye shina la maua, hivyo shina moja hukupa mfululizo wa umri: maganda ya juu yana zigoti (seli ya kwanza ya kiinitete), ya katikati yana viinitete vya mviringo, na ya chini yana viinitete vinavyokaribia kukomaa. Chuma maganda kadhaa kwa kufuata mpangilio huo na uyaweke kwa namba, maana ukiyachanganya utapoteza mfululizo ambao ndio hazina ya kazi yote. Lipasue kila ganda kwa urefu kwa sindano nyembamba, kisha utenganishe ovuli, yaani vifuko vidogo vitakavyokuwa mbegu, kwa kibano bila kuzibana.

Ovuli mbichi huzuia mwanga, kwa hiyo lazima ifanywe iwe angavu. Myeyusho uliozoeleka ni wa gramu 8 za kloral haidreti, mililita 2 za maji na mililita 1 ya gliseroli. Zidondoshee ovuli myeyusho huo juu ya slaidi, zifunike kwa kioo chembamba, kisha subiri. Ovuli changa sana huweza kuwa tayari baada ya muda mfupi, ilhali zile kubwa huhitaji kuachwa usiku kucha. Ikiwa huwezi kuzitazama siku hiyohiyo, zihifadhi kwanza katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu 9 na asidi asetiki sehemu 1. Kloral haidreti ni dawa kali ya usingizi na katika nchi nyingi hudhibitiwa kisheria. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye mfumo wa kuvuta hewa chafu, na mabaki yake yakusanywe pamoja na taka za kemikali badala ya kumwagwa kwenye sinki.

Hadubini yenye mfumo wa Nomarski, yaani mpangilio wa mwanga unaofanya vitu angavu vionekane kana kwamba vimeinuka, ndiyo inayoonyesha kuta za seli vizuri kuliko nyingine katika maandalizi haya. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia hadubini ya kawaida kwa kupunguza uwazi wa kizuizi cha mwanga kilicho chini ya jukwaa la slaidi, jambo linaloongeza tofauti kati ya ukuta na yaliyomo ndani ya seli, ingawa picha hupoteza ukali kidogo. Tafuta kwa lenzi ya kukuza mara 20, kisha hesabu seli kwa lenzi ya mara 40.

Kabla ya kuhesabu chochote, hakikisha unatazama katikati ya kiinitete na kwamba kimelala ubavu. Alama ya kuaminika ni saspensa, uzi wa seli unaokiunganisha kiinitete na mwisho wa ovuli wenye kitundu ulimopitia mrija wa chavua. Ikiwa saspensa yote inaonekana kwa mstari mmoja ulio wazi mpaka inapogusa kiinitete, uko katika mkato sahihi. Ikiwa inapotea katikati, gonga kioo kwa upole kwa ncha ya sindano ili ovuli ijigeuze. Makosa mengi ya wanafunzi katika somo hili hutokana na kutazama mkato ulioegemea pembeni, ambapo ukuta wa seli ya jirani huonekana kana kwamba ni ukuta mpya wa mgawanyiko.

Kusoma migawanyiko kwa mfululizo

Anza na zigoti. Baada ya kutungishwa, zigoti hurefuka takribani mara tatu, halafu hugawanyika kwa ukuta wa mkingamo na kuzaa seli mbili zisizolingana: ya juu ndogo, iliyojaa saitoplazimu nzito, na ya chini ndefu yenye vakuoli kubwa. Hapa ndipo koo zetu mbili zinapoanzia. Chora mpaka huu katika daftari lako kwa rangi moja ambayo utaitumia mpaka mwisho wa kazi, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kitapimwa kwa kuuangalia.

Seli ya juu hugawanyika mara mbili kwa wima na mara moja kwa mkingamo, na matokeo yake ni seli 8 zilizopangwa katika ngazi mbili za seli nne nne. Ngazi ya juu itatoa ncha ya shina na sehemu kubwa ya kotiledoni, yaani majani ya kwanza yaliyo ndani ya mbegu. Ngazi ya chini itatoa shina la mche lililo chini ya kotiledoni pamoja na sehemu kubwa ya mzizi. Katika hatua ya seli 16, kila seli hugawanyika sambamba na uso wa kiinitete na kutenga tabaka la nje, ambalo litakuwa ngozi ya mmea, na seli za ndani. Wakati huohuo, seli ya chini ya zigoti imekuwa ikigawanyika kwa mkingamo tu na kutengeneza saspensa ya seli 6 hadi 9 zilizopangana.

Kiinitete kinapofikia seli kama 32 za umbo la mviringo, elekeza macho kwenye seli ya juu kabisa ya saspensa. Mpaka hapo haikuwa na tofauti ya wazi na wenzake walio chini yake. Sasa huanza kuingizwa katika mwili wa kiinitete: ukuta wake wa juu hupinda, saitoplazimu yake huwa nzito, na kuta zake za pembeni hukumbatiwa na seli za ngazi ya chini. Hii ndiyo hipofisi. Ni seli ya ukoo wa chini iliyochukuliwa na kiinitete cha ukoo wa juu, na bila tukio hili hakuna mzizi wa kwanza. Seli nyingine za saspensa hazichukuliwi. Hatimaye hufa baada ya kumaliza kazi yao.

Kaa katika hatua hii kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote. Tafuta viinitete vingi vya mviringo kutoka katika ganda moja, kwa kuwa viinitete vya ganda moja hukaribiana umri, na uvipange kwa kufuata jinsi hipofisi ilivyojongea. Baadhi yake vitakuonyesha mgawanyiko wenyewe, ambao hutokea kiinitete kinapoelekea kuwa na umbo la moyo. Hipofisi hugawanyika kwa mkingamo bila usawa: seli ya juu ni ndogo na ina umbo la lenzi, nayo ya chini ni kubwa. Ukiiona seli hiyo ya lenzi kwa uwazi, ukuta wake wa juu ukiwa umejipinda na wa chini umenyooka, umeona meristemu ya mzizi ikizaliwa.

Seli ya lenzi hugawanyika mara mbili kwa wima na kutoa seli nne za kitovu tulivu. Kitovu hiki ni kikundi cha seli zisizogawanyika mara kwa mara ambazo F. A. L. Clowes alizieleza katika mizizi ya mahindi katika miaka ya 1950. Seli ya chini ya hipofisi hutoa seli shina (seli zinazoendelea kuzaa seli mpya) za kolumela, ambazo huzalisha sehemu ya kati ya kofia ya mzizi, ile inayohisi mvutano wa dunia kwa chembe zake za wanga. Seli shina nyingine zote zinazokizunguka kitovu tulivu, yaani za mishipa, za koteksi na endodemisi (matabaka yaliyo kati ya mishipa na ngozi), na za epidemisi (ngozi ya nje) pamoja na sehemu za pembeni za kofia, hutoka katika ngazi ya chini ya kiinitete, yaani katika ukoo wa juu. Sasa rudi kwenye mstari wa rangi uliouchora katika zigoti. Utaona unapita katikati ya meristemu ya mzizi, kati ya kitovu tulivu na seli za mishipa zilizo juu yake.

Uthibitisho kwamba mstari huu si dhana ya mchoraji ulitolewa mwaka 1994 na Ben Scheres na wenzake, waliotumia seli zilizopata alama ya rangi na kuirithisha kwa vizazi vyao vyote. Kwa kufuata mabaka ya rangi katika mche, waliweza kusema ni sehemu gani za mzizi zina asili moja ndani ya kiinitete. Inafaa kuisoma kazi ya aina hiyo baada ya kuchora mwenyewe, si kabla, ili jicho lako lisione tu kile lilichoambiwa.

Kusoma ishara

Umbo la seli hukuambia kilichotokea, lakini halikuambii sababu. Ishara kuu ni auksini, homoni ambayo katika kiinitete husafirishwa na protini za PIN zilizopachikwa upande mmoja wa utando wa seli. Mwanzoni PIN7 huielekeza auksini kutoka kwenye saspensa kwenda juu. Karibu na hatua ya seli 32 mwelekeo hubadilika: PIN1 huhamia upande wa chini wa seli za ndani ya kiinitete, PIN7 nayo hugeukia chini ndani ya saspensa, na auksini hurundikana mahali ambapo hipofisi inaumbika. Jiří Friml na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 2003.

Ukiwa na mimea iliyowekewa alama ya DR5, ambayo hung'aa pale seli inapoitikia auksini, tazama viinitete vya rika tatu: kabla ya mviringo, mviringo, na umbo la moyo. Mng'ao huanza juu na kuishia kwenye hipofisi. Kumbuka kwamba DR5 huonyesha mwitikio wa seli, na haipimi kiasi cha auksini chenyewe. Seli yenye auksini nyingi lakini isiyokuwa na protini za kuiitikia itabaki giza, na tafsiri inayosahau hilo huharibu hitimisho zima.

Ndani ya seli, auksini hufanya kazi kwa kuondoa kizuizi. Protini iitwayo MONOPTEROS inaweza kuwasha jeni za ujenzi wa mzizi, lakini hufungwa na protini nyingine, BODENLOS. Auksini huiunganisha BODENLOS na kipokezi cha kundi la TIR1, kisha BODENLOS huvunjwavunjwa na MONOPTEROS huachiwa huru. Jambo la kuzingatia kwa makini ni kwamba MONOPTEROS hufanya sehemu kubwa ya kazi hii katika seli zilizo juu ya hipofisi, si ndani yake. Kutoka huko huimarisha usafirishaji wa auksini kuelekea chini, na huwasha jeni ya TMO7, ambayo protini yake ndogo husafiri kutoka seli hadi seli na kuingia katika hipofisi. Kwa maneno mengine, ukoo wa juu huuambia ukoo wa chini ufanye nini. Ndiyo maana nimesisitiza mpaka: mazungumzo yote muhimu hupita hapo.

Baada ya mgawanyiko wa hipofisi, binti zake wawili hutofautiana haraka. Seli ya lenzi huwasha WOX5, jeni inayozuia seli shina zilizo jirani zisikomae mapema. Katika seli ya chini auksini huwasha ARR7 na ARR15, ambazo hupunguza mwitikio wa homoni nyingine, saitokinini. Mwitikio huo usipopunguzwa, mpangilio wa seli hizi huvurugika. Jeni za PLETHORA hufanya kazi katika eneo zima la mzizi unaoumbika, na nguvu zake ni kubwa kiasi kwamba zikiwashwa mahali pasipo pake zinaweza kufanya ncha ya shina iwe mzizi. Jeni za SHORT-ROOT na SCARECROW hukamilisha mpango kwa upande wa ndani na nje: protini ya kwanza hutengenezwa katika seli za mishipa, husogea tabaka moja kwenda nje, na huko huiwasha ya pili.

Kuhakikisha kwa mimea yenye kasoro

Maelezo ya ishara hubaki hadithi mpaka uondoe kipengele kimoja na kuona kinachoharibika. Mmea wa monopteros, ulioelezwa na Thomas Berleth na Gerd Jürgens mwaka 1993, huota bila mzizi. Kwa kuwa kasoro hii hujitokeza pale nakala zote mbili za jeni zinapoharibika, panda mmea wenye nakala moja mbovu, uache ujichavushe, kisha hesabu viinitete katika maganda yake. Tarajia takribani asilimia 25 vyenye kasoro. Hesabu angalau viinitete 100 vya hatua moja kabla ya kulinganisha, na uandike pia vile ulivyoshindwa kuvisoma. Kuviacha vigumu nje ya hesabu ni njia rahisi ya kujidanganya.

Katika viinitete vya monopteros usitazame ukosefu wa mzizi, kwa maana huo ni mwisho wa mlolongo. Tazama kasoro ya kwanza inayoonekana. Seli ambazo zingegawanyika kwa wima hugawanyika kwa mkingamo, hivyo kiinitete huwa na ngazi za ziada. Baadaye, mahali pa hipofisi, seli huendelea kugawanyika kama seli za kawaida za saspensa na seli ya lenzi haipatikani. Kanuni hii ya kutafuta kasoro ya kwanza itumie kwa kila mmea. Mche usiokuwa na mzizi unaweza kuwa umekosa hipofisi, au umekuwa nayo ikagawanyika vibaya, au umejenga meristemu kamili iliyomaliza seli shina zake baada ya kuota, na hizo ni habari tatu tofauti. Mimea ya short-root, kwa mfano, ina mzizi unaoanza vizuri kisha unaacha kukua.

Miche ya monopteros inaweza kuotesha mizizi ikikuzwa kwenye lishe maalumu maabara. Matokeo haya yana maana kubwa: jeni hiyo inahitajika kuanzisha mzizi wa kiinitete, lakini uwezo wa mmea kujenga mzizi haukufutika. Mizizi ya pembeni nayo huanzia katika perisaikoli (tabaka la seli linalozunguka mishipa) ya mzizi uliokwisha kukomaa, bila hipofisi yoyote, na hufikia mpangilio uleule wa kitovu tulivu na seli shina.

Majaribio ya leza yanakamilisha hoja ya nafasi. Mwaka 1995 Claudia van den Berg na wenzake waliua seli moja moja katika meristemu ya mzizi wa Arabidopsis. Seli za jirani ziliingia katika nafasi iliyoachwa na kuchukua kazi ya nafasi hiyo, hata pale zilipotoka katika ukoo mwingine. Mwaka 1997 walionyesha kwamba ikiuawa seli ya kitovu tulivu, seli shina inayoigusa hukomaa na kupoteza hadhi yake. Katika kiinitete chenyewe, seli za saspensa zinaweza kuanza kujenga kiinitete kipya endapo kile cha juu kitaharibiwa. Ukoo wa seli ni kumbukumbu sahihi ya mahali ilikotoka, lakini haulazimishi inakokwenda.

Ukihamia mimea mingine

Utaratibu niliouelezea hauwezi kubebwa mzimamzima kwenda kwa mimea yote yenye mbegu. Katika mahindi na mpunga, migawanyiko ya mwanzo haina mpangilio unaotabirika, na huwezi kuonyesha seli moja na kuiita hipofisi. Mzizi wa kwanza huumbika ndani kabisa ya kiinitete, ukiwa umezungukwa na ala iitwayo koleoriza ambayo utaipasua wakati wa kuota. Katika misonobari, kiinitete huanza na viini vinavyogawanyika bila kuta za seli kati yake, na meristemu ya mzizi hutokea katika kundi kubwa la seli.

Kwa mimea hiyo, badilisha swali la kuanzia. Badala ya kuuliza ni seli ipi, uliza ni lini eneo la mwitikio wa auksini linajitokeza na ni lini jeni zinazofanana na WOX5 na PLETHORA zinawaka ndani yake, kisha ulinganishe muda huo na mabadiliko ya umbo unayoyaona katika vipande vyembamba vilivyokatwa kwa mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba sana. Ovuli nzima zilizofanywa angavu hazitatosha, kwa kuwa kiinitete cha nafaka hunenepa mapema na mzizi wake hujificha katikati. Kata vipande vya mfululizo kutoka upande mmoja wa kiinitete hadi mwingine, na uvihifadhi vyote kwa mpangilio, kwani dalili ya kwanza ya mzizi huweza kuonekana katika vipande viwili au vitatu tu vya katikati.